Shamba Lisitegemee Eropleni Peke Yake

Wakulima wenzangu, mkulima wa skimu akiulizwa ni nani anunuaye mazao yake, atajibu upesi kwamba ni yule mwenye lori ajaye Jumanne na Ijumaa. Jibu hilo si kamili. Mwenye lori ni mpitishaji tu. Mnunuzi wa kweli ni yule anayekula, naye pengine yuko London, pengine ni mgeni aliyekaa katika hoteli ya Diani, pengine ni kijana wa Nairobi anunuaye chipsi jioni akitoka kazini. Watu hao hatuwaoni, wala wao hawatujui. Lakini mwaka 2020, walipoacha kusafiri na kubadili desturi zao za kula na kununua, sisi ndio tuliobaki na mazao yakitutazama shambani. Shida ile imepita, lakini naona mafunzo yake tunayasahau mbio, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Tukumbushane kwanza. Mgonjwa wa kwanza wa Korona alitangazwa katika nchi yetu tarehe 13 Machi 2020. Tarehe 25 ya mwezi ule ule, eropleni za abiria za kutoka na kwenda nchi za nje zilisimamishwa. Eropleni za mizigo ziliruhusiwa, kwa hiyo wengi wetu tulidhani kwamba mboga zitakwenda Ulaya kama desturi. Hatukujua jambo moja. Kabla ya ugonjwa ule, karibu nusu ya mizigo yote iliyopita hewani duniani ilichukuliwa tumboni mwa eropleni za abiria, chini ya viti vya watalii na wafanya biashara. Abiria alipobaki kwake nyumbani, mzigo nao ukakosa nafasi, na nafasi chache zilizobaki zikapanda bei.

Jirani yangu alikuwa na ekari moja na nusu, yote mishiri, yaani yale maharagwe mabichi ya kuuza ng'ambo. Mbegu na dawa alikopeshwa na mnunuzi wake. Mishiri huanza kuchumwa baada ya siku 45 hadi 50, na ikianza haingoji mtu. Leo usipoichuma, keshokutwa imekomaa na haitakiwi. Lori halikuja wiki ya kwanza, wala ya pili. Alipopiga simu aliambiwa kwamba nafasi ya eropleni hakuna. Akapeleka magunia sokoni, akina mama wakayatazama, wakamwuliza mboga hiyo hupikwaje. Mwisho mishiri ile ililiwa na ng'ombe, lakini deni la mbegu ng'ombe hawakulila.

Wako watakaosema kwamba hayo yalikuwa ya miezi michache tu. Ni kweli. Eropleni za abiria za nchi za nje zilianza tena tarehe 1 Agosti 2020, na mapato ya taifa zima ya maua, matunda na mboga zilizouzwa ng'ambo mwaka ule hayakuanguka. Lakini hesabu ya taifa ni moja, na hesabu ya ekari moja na nusu ni nyingine. Kampuni kubwa iwezayo kukodi eropleni nzima hungoja. Mkulima mwenye deni hana nafasi ya kungoja, na fedha za Agosti hazikumrudishia mavuno yake ya Aprili.

Na yule asiyepanda mishiri asicheke. Mwaka 2019 wageni waliofika Kenya walikuwa zaidi ya milioni 2. Mwaka 2020 hawakufika hata 600,000. Kila mgeni hula mayai asubuhi, hunywa chai ya maziwa, hula viazi na kabeji mchana. Hoteli za pwani zilipofungwa, aliyekuwa akipeleka kabeji Mombasa aliona mara moja, ijapokuwa hajapata kusalimiana na mtalii maishani mwake. Kadhalika mashamba ya maua ya Naivasha yaliporudisha wafanya kazi makwao, mishahara iliyokuwa ikinunua maziwa na mboga zetu ilikatika. Kafyu ilipoanza tarehe 27 Machi, tangu saa moja jioni, maduka ya chipsi yalipoteza saa zake za biashara, na viazi vya Kinangop na Ol Kalou vikakosa walaji. Shule nazo zilikuwa zimefungwa tangu katikati ya Machi, na watoto wote hawakurudi mpaka Januari 2021. Basi maharagwe na mahindi ya shule yakakosa mwenyewe.

Hata hivyo watu hawakuacha kula. Walibadili mahali pa kulia na namna ya kununua. Aliyekuwa akila hotelini alianza kupika kwake. Watu wakatafuta sana tangawizi, vitunguu saumu na malimau, wakiamini kwamba vitawapa nguvu ya kushindana na ugonjwa. Wengine waliopoteza kazi mjini wakawa wauzaji wenyewe, wakafungua buti za magari yao kando ya barabara za Nairobi na kuuza mboga, mayai na matunda. Kutuma fedha kwa simu hakukulipiwa ada, mpaka shilingi 1,000, tangu katikati ya Machi hata mwisho wa mwaka 2020, na wengi wakazoea kuagiza chakula kwa simu wakaletewa mlangoni. Desturi hiyo haikuondoka pamoja na ugonjwa. Mkulima aliyekuwa na vitu vya jikoni vya namna nyingi, hata kama ni kidogo kidogo, alipata mlango wa kupitia. Mwenye zao moja la mlaji wa mbali hakupata.

Tazameni pia mazao yaendayo kwa meli. Chai hukaa ghalani na kupanda meli Mombasa bila kuharibika. Mwaka ule ule wa 2020 nchi yetu ilivuna chai nyingi kupita mwaka wowote uliotangulia, nayo iliendelea kwenda ng'ambo, ijapokuwa bei haikupendeza. Avokado nazo husafiri baharini kwa wiki kadhaa katika makasha yenye baridi. Wazee walisema akiba haiozi. Mishiri huoza, na maua hunyauka. Zao lisiloweza kungoja lina bei nzuri, lakini bei ile ina hatari ndani yake, na hatari hiyo huachiwa mkulima.

Sisemi mtu ang'oe mishiri yake. Fedha zake huja upesi, na wengi wamesomesha watoto kwazo. Nasema tu kwamba si busara kulipa shamba zima kwa msafiri mmoja. Shauri langu ni hili.

Kwanza, gawanya shamba. Sehemu moja iwe ya zao la kwenda ng'ambo, sehemu nyingine ya vitu vinavyopikwa kila siku katika nyumba za Kenya, na sehemu ya tatu ya kitu kiwezacho kungoja, kama mahindi, maharagwe makavu, au majani ya ng'ombe wa maziwa. Usipande kwa mkopo zaidi ya kile ambacho sehemu nyingine za shamba zaweza kukulipia.

Pili, mwulize mnunuzi mazao yako hupita njia gani hata yamfikie mlaji, kisha mwulize swali lililo kubwa zaidi: eropleni isipokuja, hasara ni ya nani? Jibu liandikwe katika karatasi ya mapatano kabla ya mbegu kuingia ardhini. Mnunuzi asiyetaka kuliandika amekwisha kukujibu.

Tatu, mambo haya ni mazito kwa mtu mmoja, lakini chama cha ushirika chayaweza. Chama kinaweza kujenga ghala la viazi na kununua mashine ya kupozea maziwa. Kinaweza kumweka kijana mmoja mwenye simu, kazi yake ni kutafuta walaji wa mjini na kupokea maagizo yao. Na Bwana Shamba akija kutufundisha mbegu na dawa, tumwombe atufundishe na habari za masoko, kwa maana mmea uliostawi bila mnunuzi ni hasara yenye majani mabichi.

Jirani yangu amemaliza deni lake, lakini ilimbidi auze ng'ombe wawili, mmoja akiwa na mimba. Leo mishiri yake ni nusu ekari tu, na pale penye mishiri ya zamani ana viazi, sukuma wiki na majani ya ng'ombe. Haogopi tena kusikia habari za eropleni. Ugonjwa mwingine ukija, au vita, au jambo lolote la kuwazuia watu kusafiri, yeye hatabaki na zao lisilo na mlaji. Je, wewe utabaki na nini?