Ngoma ya Kucheza na Ngoma ya Kutazama

Watu wengi hapa Pemba husema kwamba vijana wa siku hizi wameziacha ngoma za wazee wao kwa kupenda mambo ya kigeni. Neno hili nimelisikia vibarazani, na hata katika mikutano ya skuli. Kwa idhini ya Bwana Mhariri, nataka kulijibu. Nionavyo mimi, ngoma hizo hatukupata kuzishika hata tuambiwe tumeziacha. Tumewekwa kuzitazama tu.

Chukueni mfano wa msewe. Ngoma hii asili yake ni Pemba, na imepata jina kwa vile vinavyofungwa miguuni mwa wachezaji ili kila hatua itoe mlio wake. Zamani ilikuwa ngoma ya wanaume, wamevaa kanzu na kofia. Ipo na kyaso, ambayo wachezaji hucheza wameshika bakora. Leo tunauona wapi msewe? Twauona penye sherehe na mapokezi ya wageni. Kikundi hucheza, wageni hupiga makofi, na sisi wanafunzi husimama pembeni tumepangwa safu. Tukirudi dakhalia tumeuona msewe, lakini hatukuujua. Mimi nina miaka 17, nimezaliwa na kulelewa kisiwani humu, na katika darasa letu la Kidato cha Nne simjui hata mmoja awezaye kuucheza. Babu yangu aliujua sana, lakini sasa magoti yake hayamruhusu. Ngoma hujifunzwa kwa miguu, ukiwa ubavuni mwa mtu aijuaye.

Jambo hili limewafika na wengine. Huko Marekani, katika mtaa wa Harlem mjini New York, ulifunguliwa mwaka 1926 ukumbi ulioitwa Savoy. Humo weusi na weupe walicheza pamoja, wakati kumbi nyingi za nchi ile zilikuwa zikiwatenga. Humo ndimo ilimokulia dansi iitwayo Lindy Hop, inayochezwa kwa muziki wa swing wa bendi kubwa za tarumbeta. Savoy ulifungwa mwaka 1958, dansi ile ikafifia, na bingwa wake mmoja, Frankie Manning, akawa mfanyakazi wa posta kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1980 vijana, wengine kutoka mbali kama Sweden, walianza kuwatafuta wazee wale ili wawafundishe. Manning akarudi uwanjani, akafundisha nchi nyingi mpaka alipofariki mwaka 2009, naye ana miaka 94. Leo katika miji mingi ya dunia watu hukusanyika katika bustani ya mji, bila ya kiingilio, wakaicheza dansi hiyo. Mara nyingi hutangulia somo fupi kwa asiyejua, kisha hucheza wote, mjuzi na mwanafunzi.

Kwetu pwani mambo hayo si mageni. Beni, ambalo jina lake limetokana na neno bendi, lilianza upande wa Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, likaenea kote. Unguja hupigwa mitaani hata leo penye harusi. Likizo ya Disemba nilikuwa kwa ami yangu Ng'ambo, beni likapita njiani usiku. Tarumbeta zikalia, kina mama wakatoka milangoni, na hakuna aliyeulizwa tikti. Nilimwona mtoto wa kike, labda wa miaka sita, akifuata hatua za bibi yake mpaka akazipata. Mtoto yule hataambiwa kesho kwamba ameiacha ngoma ya wazee wake.

Basi nina ombi kwa walimu wetu. Kila muhula, Jumamosi moja, baada ya sala ya alasiri mpaka kabla ya magharibi, uwanja wetu wa mpira ufunguliwe kwa ngoma. Waalikwe wazee wa vijiji vya jirani wanaoujua msewe na kyaso. Kusiwe na kiingilio, wala viti vya wageni, wala hotuba. Wazee watufundishe kwanza, kisha tucheze nao.

Najua wazazi watahofu mambo mawili. La kwanza ni heshima. Nasema kwamba msewe na kyaso ni ngoma za wanaume, na ndugu zetu wasichana wanaweza kuwa na siku yao, na kina mama wa kuwafundisha. Ngoma inayochezwa mchana, mbele ya wazee na walimu, ina hatari ndogo kuliko zile tunazozitazama kwa siri katika simu wakati wa likizo. La pili ni mtihani. Huo nauogopa mimi kabla ya mtu mwingine, kwani ni wangu mwaka huu. Lakini saa mbili katika muhula mzima haziwezi kumwangusha mtu aliyesoma.

Wale vijana waliomtafuta Manning walibahatika, kwani walibisha hodi mzee akaitika. Wazee wetu wa msewe wanapungua kila mwaka, na wengine ni babu zetu wenyewe tunaokula nao sahani moja. Tuwaendee sasa, wangali wanaitika.