UMEME WA JUA KARAGWE NA KYERWA

Pale Murongo, wilayani Kyerwa, maji ya Mto Kagera huendesha mtambo wa megawati 14, ambao umeme wake Tanzania na Uganda hugawana nusu kwa nusu. Hata hivyo, nyumba nyingi za Kyerwa na Karagwe zimo ndani ya migomba, mbali na nguzo. Na nguzo ikifika, gharama haikomi. Ada ya kijijini ya shilingi 27,000 haitandazi nyaya ndani ya nyumba. Na kwa bei zilizowekwa mwaka 2016, mtumiaji mdogo alipe shilingi 100 kwa uniti, lakini akivuka uniti 75 kwa mwezi, kila inayozidi ni shilingi 350, kabla ya kodi.

Ndiyo maana twaunga mkono umeme wa jua kwa taa, redio na simu. Hatusemi kwamba utapika ndizi. Lakini upo mtego: mitambo ya mkopo hudai malipo kila juma au kila mwezi, na anayechelewa huzimiwa taa. Mkulima wa kahawa hana mshahara. Fedha yake huja na mavuno.

Basi vyama vya msingi vilivyo chini ya Chama Kikuu cha KDCU vinunue mitambo kwa jumla, vikague betri zake, na deni lilipwe msimu wa kahawa, kwa hiari ya mkulima na kwa hati iliyosomwa mkutanoni. Ndugu wanachama, lifikisheni jambo hili katika mikutano yenu. Mwanga uwe mali ya mkulima, usiwe kamba ya kumfungia.