LORI LISIPOWAKA, MSHAHARA WA NANI UKATWE?

Maoni ya Mhariri



Kila mwaka, mwezi wa saba, baridi ya mlima inaposhuka Nyeri, Karatina na Nanyuki, habari ya namna moja huzunguka katika gereji zetu. Lori limefunguliwa injini yote. Limetiwa ringi mpya, beringi mpya za krenki na gasketi mpya. Mafundi wamefanya kazi siku nne au tano. Asubuhi tajiri anafika, dereva anapanda, ufunguo unazungushwa, na injini inakataa kuwaka. Hapo ndipo maneno huanza. Tajiri humlaumu fundi, fundi humlaumu dereva, dereva humlaumu kijana wa spana. Mwisho wa mwezi, mshahara unaopungua ni wa yule mdogo kuliko wote.

Mimi mwenyewe nimesimama kando ya lori la namna hiyo, mjini Karatina. Lilikuwa lipakie kabichi za Nairobi jioni ile ile. Stata ilizunguka pole pole kama mtu mgonjwa. Tukabadili betri, haikufaa. Tukalifunga mnyororo likavutwa na lori lingine, haikufaa. Mmoja wetu akasema pampu ya dizeli imeharibiwa na kijana aliyeifunga, nayo ikafunguliwa. Kijana akaambiwa atalipa. Siku ya tatu mzee mmoja alilala chini na tochi, akaona waya wa ethi, ule unaounganisha injini na chesisi, umening'inia bila kufungwa. Ilikuwa kazi ya dakika kumi. Pampu haikuwa na neno lo lote. Lakini kijana alikuwa amekwisha kukatwa fedha, na aliyesahau waya ule hakuwa yeye. Alikuwa mmoja wetu sisi wakubwa.

Tangu siku ile nimeamini jambo moja: asiyetafuta kosa kwa utaratibu hutafuta mtu wa kulaumu. Kwa hivyo, ndugu, tushike utaratibu.

Kwanza, tazama kama injini inazunguka. Ikiwa ni nzito au haiendi kabisa, anza na betri, vichwa vya betri, waya wa ethi na stata. Injini iliyofungwa upya ni ngumu, maana ringi hazijazoeana na silinda. Betri dhaifu iliyotosha zamani sasa haitoshi. Ikiwa haisogei hata kidogo, usiendelee kuipiga stata. Tia spana kwenye nati ya krenki, uizungushe kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ikigota mahali pamoja, simama. Huenda kuna maji au oili juu ya pistoni, au valvu inagonga pistoni, au vifuniko vya beringi vimebadilishana mahali. Nguvu ya kulazimisha hapo ndiyo inayovunja injini mpya.

Pili, ikiwa inazunguka vizuri lakini haiwaki, tazama ekzosi. Moshi hutoa ushahidi. Pasipo moshi wo wote, dizeli haifiki katika silinda. Ukiona moshi mweupe, dizeli inafika lakini haiungui. Hizi ni njia mbili mbalimbali, na mtu asiyezitenga atapoteza siku nzima.

Tatu, ikiwa hakuna moshi, fuata dizeli toka tangi mpaka nozeli. Je, tangi lina dizeli? Je, waya wa kuzimia injini umerudishwa kwenye pampu? Waya huo ukisahauliwa, pampu hufunga dizeli hata ukizungusha mpaka jua litue. Kisha toa hewa. Injini iliyofunguliwa ina hewa katika mabomba yote. Katika lori za zamani zenye pampu ya kawaida, legeza skrubu ya filta, pampu kwa mkono mpaka mapovu yaishe, kisha uifunge. Halafu legeza kidogo nati za mabomba ya nozeli, mwenzako azungushe stata mpaka dizeli itoke, uzikaze.

Lakini sikieni vizuri! Katika lori za siku hizi zenye bomba moja la pamoja na kompyuta, usilegeze bomba la nozeli injini ikizungushwa. Dizeli mle inaweza kupita baa 1,000, na uzi mwembamba wa dizeli hupenya ngozi kama sindano. Tundu lake ni dogo, huenda lisiume sana mara moja, lakini mkono unaweza kukatwa. Aliyepatwa na hilo aende hospitali saa ile ile, asingoje kesho.

Nne, ikiwa moshi ni mweupe, rudi kwenye taimingi. Pistoni ya kwanza hufika juu mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa pampu: mara moja ikibana hewa, mara moja ikimaliza kutoa moshi. Wengi hufunga pampu kwa ile ya pili. Alama zote za krenki zinaonekana sawa, na injini haiwaki. Fungua kifuniko cha valvu utazame. Silinda ya kwanza ikibana, valvu zake zote zimefungwa, na valvu za silinda ya mwisho ndizo zinazopishana. Tazama pia mabomba: injini nyingi za silinda nne huwaka kwa mpango wa 1-3-4-2, na nyingi za silinda sita kwa 1-5-3-6-2-4.

Tano, pima tapeti, kisha mbano wa hewa. Tapeti iliyokazwa mno huacha valvu wazi, na hewa hutoroka. Dizeli haina plagi ya cheche. Moto wake ni hewa iliyobanwa mpaka ikawa ya moto sana. Nasi hapa tunakaa juu. Nyeri iko karibu mita 1,750 juu ya bahari na Nanyuki karibu mita 1,950, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja katika tano. Ongeza na baridi ya alfajiri. Mbano mdogo unaosamehewa Mombasa hausamehewi Nanyuki.

Ndugu, msikubali mambo mawili kwa sababu tajiri ana haraka. Msinyunyize etha katika injini yenye plagi za kupasha joto. Hulipuka na kuvunja ringi na pistoni. Wala msisukume lori mtelemkoni ili liwake. Injini isipofanya kazi, usukani ni mzito na upepo wa breki haujazwi tena. Na taimingi ikiwa mbaya, kuvuta kutapinda valvu. Kabichi zikioza zitapandwa nyingine. Mtu hapandwi.

Sasa habari ya mshahara. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Kusahau waya si makusudi. Kufunga pampu kama ulivyofundishwa na mkubwa wako si makusudi. Tena sheria hiyo hiyo inakataza makato yote pamoja kupita theluthi mbili za mshahara kwa mara moja. Na kifungu cha 41 chasema kwamba kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu au kazi mbaya, mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanya kazi mwenzake au mjumbe wa chama anayemchagua, naye asikilizwe.

Lakini haki bila ushahidi ni kelele tu. Kwa hivyo kila gereji iwe na daftari. Andikeni nani alifunga nini, siku gani, alama za taimingi zilitazamwa na nani, na tapeti zilipimwa ngapi. Mtu wa pili atie sahihi kabla ya ufunguo kuzungushwa. Daftari la shilingi chache lingalimwokoa yule kijana wa Karatina.

Na sisi mafundi wakubwa tujisahihishe. Tukimwonyesha kijana kazi, tumweleze na sababu yake, kisha tumsukume akafanye mtihani wa ufundi wa NITA, daraja la tatu, la pili, mpaka la kwanza. Mwenye cheti na elimu haogopi kusema, “Ngojeni, tuanze tena na betri.”

Wazee wa hapa husema, “Kamũingĩ koyaga ndĩrĩ,” yaani watu wachache wakishikana huinua kinu. Injini ni nzito kuliko kinu. Tusiiinue pamoja, kisha ikikataa kuwaka tumwachie mmoja aibebe.

Umoja ni nguvu.