Deni la Kweli Halifutwi kwa Ujumbe wa Simu



Wiki hii, baada ya Misa ya asubuhi, alitujia kijana mmoja wa parokia yetu akiomba barua ya utambulisho. Amepata nafasi ya kazi, na mwajiri anamtaka alete vyeti vyake vyote, kikiwamo kile cha CRB kinachoonyesha kwamba hadaiwi. Tulipokuwa tukiiandika barua alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya chini, “Padre, hicho cha CRB nimekwisha kukilipia mara mbili, na sijakiona.”

Alikuwa amekopa shilingi 3,000 kwa simu mama yake alipougua, akashindwa kulipa. Baadaye akaona tangazo kwenye Facebook: jina lako litafutwa CRB ndani ya saa 24, kwani serikali imetoa msamaha. Alituma shilingi 1,500 kwa nambari ya mtu binafsi. Kesho yake akaombwa 2,000 nyingine, eti mfumo umekwama. Alipozituma, akaombwa asome tarakimu alizotumiwa kwenye simu yake. Hapo ndipo alipozinduka. Ametoa 3,500 kukwepa deni la 3,000, na deni liko pale pale likizaa riba.

Tuseme wazi jinsi mambo yalivyo. Benki Kuu ya Kenya imetoa leseni kwa CRB tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Kazi yao ni kutunza taarifa zinazoletwa na wakopeshaji. Wamo humo wanaolipa vizuri na wasiolipa, hivyo kuwamo si kosa, na hata wazo la “kufutwa jina” halina maana. Deni likilipwa, mkopeshaji ndiye anayepeleka habari kwamba limelipwa. Kumbukumbu ya kuchelewa hubaki miaka mitano tangu deni kumalizwa, ila sasa husomeka kwamba limekwisha. Taarifa ikiwa ya uongo, mwenye jina ana haki ya kuipinga mwenyewe. Na kila mwaka ana haki ya kupewa ripoti yake mara moja bila malipo. Aidha, kwa kanuni za mwaka 2020, deni lisilofika shilingi 1,000 halipaswi kupelekwa huko kama doa.

Tunamkumbuka yule wakili wa Injili ya Luka aliyewaita wadeni wa bwana wake, akawapunguzia hati zao, mmoja akapunguziwa nusu nzima. Tumezoea kubishana juu ya ujanja wake, lakini angalau yeye alikuwa ameshika vitabu! Tapeli wa mtandaoni hajashika kitabu chochote. Anauza alichokisikia tu. Msamaha anaoutaja uliwahi kuwapo: Novemba 2022 Benki Kuu ilitangaza mpango ambao wakopeshaji walipunguza angalau nusu ya madeni mabovu ya mikopo ya simu ya muda wa siku 30 au chini ya hapo. Ulilenga wakopaji zaidi ya milioni 4. Lakini ulikwisha tarehe 31 Mei 2023, na hata ulipokuwapo, mdeni alikubaliana na mkopeshaji wake, si na mtu wa Facebook.

Basi anayetaka fedha kabla ya kazi, anayeahidi kuondoa deni la kweli, au anayekukataza kuzungumza na aliyekukopesha, mkimbieni. Anayetaka nambari ya siri au tarakimu za kwenye simu ni mwizi. Hapo hakuna haja ya kufikiri zaidi.

Hata hivyo, kinachotusumbua zaidi si ujanja wa hao watu. Kijana huyu anasali katika jumuiya yenye karani wa benki na mama aliyeongoza chama cha akiba kwa miaka mingi. Yeyote kati yao angemwambia ukweli kwa dakika tano. Hakuwauliza. “Niliona aibu,” alituambia. Ni kweli kwamba katika jumuiya zetu tunaombea wagonjwa na wasafiri kwa majina yao, ila mwenye deni tunamsikia kwa minong’ono tu. Nasi mapadre tumewahi kuhubiri juu ya madeni kana kwamba kila mdeni ni mlevi. Aibu hiyo tuliisaidia kukua, na tapeli ameikuta imekwisha kuiva.

Tumemwomba yule karani akae na jumuiya yake Jumapili ijayo baada ya Misa ya pili, aeleze namna ya kuomba ripoti na kuisoma. Atakayependa kuuliza faraghani atampata katika ofisi ya parokia hadi saa nane mchana.

Kijana wetu alimpigia simu mkopeshaji wake Alhamisi, akakubaliwa kulipa kwa awamu tatu. Barua yake tumeiandika. Cheti bado hana, na mwajiri amempa mpaka mwisho wa mwezi.