Mabawa mawili na nguzo za shimo

Kijana wa shule ya ufundi hapa Kisangani akisema anataka kutengeneza ndege ndogo ya mabawa mawili, ile ambayo rubani anakaa kichwa nje, watu wanacheka: «Huyu eko na kichwa mubaya!» Sisi wa sendika hatucheki.

Ndege za namna hiyo zilifika hapa. Mu 1921, wakati muji ulikuwa unaitwa Stanleyville, Lévy-Lepen ya mabawa mawili ilikuwa inatoka Léopoldville na kutua juu ya mto. Mu 1922 safari zikasimama.

Mabawa mawili ya nini? Mchimbaji ataelewa upesi. Ndani ya shimo, nguzo moja ndefu inapinda. Weka mbili fupi, uzifunge na miti ya kukingama, zinashika udongo. Bawa la juu na la chini ni vilevile: vijiti na nyaya vinayakaza, mbao nyepesi inapata nguvu, na ndege inaruka polepole, inatua pafupi. Kweli, nyaya zinakamata upepo, mbio inapungua. Kwa mtu anayejitembeza siku ya yenga, hiyo si shida.

Muangalie Moth ya Mwingereza Geoffrey de Havilland, ya 1925: mbao, kitambaa, motere ya farasi 60, viti viwili, na mabawa yanayokunjwa nyuma ili iingie ndani ya nyumba nyembamba. Ni kazi ya seremala, mshonaji na makanika. Hao tuko nao, hata pale wanapotengeneza baleniere.

Lakini tusidanganyane. Baleniere tunaipakia kupita kiasi, inazama, tunalia, kesho tunapakia tena. Ndege nyepesi haisamehe. Kila kilo inahesabiwa kwenye karatasi mbele msumeno haujagusa mbao. Ku karieri tunaulizwa tu: umetoa mifuko ngapi? Nani anauliza nguzo hii inabeba kilo ngapi? Mtoto aliyezoea kuuliza hivyo juu ya bawa, akishuka shimoni atauliza pia juu ya nguzo. Hapo ndipo tunataka kufika, bana.

Kwa hiyo tunaomba sehemu ya kotizasio yetu inunue mbao, gundi na mizani kwa atelie ya shule. Watoto waanze na bawa moja tu. Walipakie mifuko ya mchanga mpaka livunjike, na waandike ilikuwa kilo ngapi. Habari ya kuruka tutaongea nyuma, pamoja na watu wa Leta wanaochunga ndege.