Unga wa Msimu wa Kura

Mvuvi hamlishi samaki kwa mapenzi. Chambo ni cha samaki, lakini ndoana ni ya mvuvi. Hili kila mtoto wa pwani hulijua kabla ya kujua kusoma. Ajabu ni kuwa sisi tuliolelewa ngalawani, serikali ikija na chambo chake, husahau somo la utotoni na kupiga vigelegele.

Na tuitazame kalenda ya Kenya. Mwezi wa Mei 2017 serikali ilitia ruzuku katika mahindi, pakiti ya unga ya kilo mbili ikauzwa shilingi 90. Kura ilikuwa tarehe 8 Agosti. Ikapita miaka mitano. Tarehe 20 Julai 2022 ikatangazwa kuwa pakiti ile ile, iliyokwisha pindukia shilingi 200, itauzwa shilingi 100. Na mahindi ya kutoka nje yakaondolewa baadhi ya tozo. Kura ilikuwa tarehe 9 Agosti. Baina ya tangazo na kura ni siku 20.

Je, njaa ilianza Julai? Mvua za kaskazini na mashariki mwa nchi zilikosekana tangu mwisho wa 2020. Huruma iliyolala muda wote huo iliamshwa na nini, kama si sanduku la kura?

Kodi nayo ina kalenda yake. Sheria ya kodi ya ongezeko la thamani ya 2013 iliyapa mafuta ya petroli msamaha wa miaka mitatu. Ulipofika muda, 2016, msamaha ukasogezwa mbele miaka miwili. Katikati ya miaka hiyo pana nini? Pana kura ya 2017. Kura ilipokwisha, Septemba 2018, kodi ikaingia. Watu walipolalama ikateremshwa kutoka asilimia 16 hadi 8. Na Sheria ya Fedha ya 2023, mwaka mmoja baada ya kura nyengine, ikairejesha 16.

Kuna atakayenijibu: mkono mtupu haulambwi, na mwenye njaa haulizi unga umetoka wapi. Kweli, na simlaumu mama aliyepanga foleni. Namlaumu aliyeipanga njaa yake pamoja na tarehe ya kura. Mwengine atasema kuwa mwaka 2022 mgombea aliyeungwa mkono na rais aliyekuwa akiondoka hakushinda, basi chambo hakikudhuru. Kilidhuru. Samaki alikwenda zake, lakini gharama ya chambo ilibaki juu yetu. William Ruto, alipoapishwa tarehe 13 Septemba 2022, alisema kuwa ruzuku ya unga ilimeza shilingi bilioni 7 kwa mwezi mmoja bila ya kufaa kitu. Bilioni hizo hazikutoka mfukoni mwa kiongozi yeyote. Zilitoka katika kila kipande cha sabuni na kila lita ya mafuta ya taa tuliyonunua. Tulihongwa kwa mali yetu, kisha tukatakiwa tuseme ahsante.

Sisemi kodi ni dhuluma, wala ruzuku ni haramu. Nasema nafuu ya kweli huja na njaa na huondoka na njaa. Ile inayokuja na mabango ya kampeni na kuondoka nayo, jina lake si nafuu.

Nanyi malenga wenzangu, hapa ndipo penye aibu yetu. Katika misimu hiyo wangapi kati yetu walitunga mashairi ya kumsifu mtoaji, vina vimekaa sawa, mizani haikupungua hata moja, na ukweli ndio uliopungua? Mgema akisifiwa tembo hulitia maji; na sisi ndio tuliosifu.

Katiba imeiweka kura nyengine Agosti 2027. Chambo kitatupwa tena. Kabla hujashika kalamu umsifu mtu, shika kalenda kwanza.