Sewa Haji hakubeba mzigo

Wanaobishana kuhusu Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo, wamegawanyika kambi mbili, na zote zinanikera. Wapo wanaomtukuza kwa shule ya Bagamoyo na fedha alizotoa kwa hospitali ya Dar es Salaam, hadi leo jina lake liko kwenye jengo la wagonjwa Muhimbili. Wengine wanang'ang'ania malalamiko ya mpelelezi Stanley, aliyedai kwamba mwaka 1871 Sewa Haji, wakati huo kijana, alimlaghai alipomtafutia wapagazi. Wote hao wanaishia pwani.

Sisi wa Usevya, huku Mpimbwe, tunauliza mzigo ulifikaje bara. Sewa Haji alitajirika kwa kuwapatia wasafiri wapagazi na shehena: vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, nyaya. Wenzake wa biashara ya usafirishaji huko Marekani walikuwa na farasi na mabehewa. Huku ndorobo waliua wanyama wa kukokota, kwa hiyo utajiri wake wote ulikaa juu ya mabega ya watu, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na kama frasila mbili zake.

Anayebisha aje Mpimbwe. Mfalme Leopold wa Ubelgiji alitaka kuwakwepa wapagazi, akamtuma Frederick Carter na tembo wa India. Wanne waliteremshwa Msasani mwaka 1879. Wakaanza kufa njiani. Mmoja wao, Pulmalla, alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwezi Desemba. Na msafara wenyewe wa tembo ulihitaji wapagazi! Mwaka uliofuata Carter na mwenzake Cadenhead waliuawa hapahapa Mpimbwe, katika shambulio la wapiganaji wa mtemi Mirambo na washirika wake. Vitabu vinakitaja kifo hicho kama ajali ya Wazungu wawili. Mimi nakisoma kama hesabu ya biashara: Sewa Haji hakuwa na mbadala wa wapagazi, na wao walijua.

Na wapagazi lazima wale. Ndiyo maana katika toleo hili makala ya posho, yaani chakula chao cha njiani, nimeipa kurasa nyingi kuliko zote. Inaonyesha kwamba bila mtama wa vijiji vya njiani hakuna msafara ambao ungevuka pori, na kwamba mkulima aliyekataa kuuza nafaka alikuwa na nguvu kuliko tajiri wa Bagamoyo. Makala ya hongo, yaani ushuru ambao misafara ililipa ili ipite, inaifuata vizuri. Ya usanifu wa jengo la shule ni fupi, na inatosha.

Sewa Haji alifariki mwaka 1897. Toleo lijalo nataka makala kutoka kwa wajukuu wa wanyampara, yaani viongozi wa wapagazi, kwa majina ya babu zao, na nitaanza kuzipokea hapa Usevya mara toleo hili litakapotoka.